Pengo Kwenye Karatasi ya 214

Maktabani walimwita Bwana Dijitali, naye jina lenyewe alilipenda mno. Alikuwa msimamizi wa chumba cha ramani katika maktaba ya chuo kikuu, ghorofa ya chini kabisa, mlango wa mwisho ukishapita choo cha wanaume. Chumba kilijaa makabati ya chuma yenye droo pana na fupi, droo ambazo mkono ukiingia lazima uingie umelala, na ndani yake karatasi za ramani zimelazwa moja juu ya nyingine. Katikati palikuwa na meza ndefu yenye vifuko vya mchanga vya kukandamizia pembe za karatasi. Kwenye kona ilikaa mashine ya kuskani, pana kama kitanda cha watu wawili.

Miaka minne nyuma alipewa kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta ramani zote za nchi, karatasi mia sita na kumi na mbili, kwa miezi minane. Akamaliza kwa saba. Walimpigia makofi, wakampa cheti chenye fremu, na tangu hapo, jamani, nani angemwambia kitu? Mwanafunzi akija kuomba ramani ya karatasi, alimtazama kama mtu aliyeomba kibatari. "Karatasi ya nini? Fungua kompyuta. Kama haimo humo, haipo." Hata ukweni alijitapa kwamba mkwe wao ana nchi nzima kiganjani, na wakwe, watu wa adabu zao, wakamvisha kilemba cha ukoka akakivaa mpaka masikioni.

Sasa mimi sipendi hadithi za kufichanafichana, kwa hiyo nawaambia mapema: mtu huyu alikuwa na lake rohoni. Karatasi kuukuu, kabla hujaitia kwenye mashine, huvalishwa kwanza mfuko wa plastiki angavu ili magurudumu ya mashine yasiichane. Kuivalisha huchukua dakika tano. Bwana Dijitali, katika mwezi ule wa saba, aliziona dakika tano nyingi. Akaitia karatasi namba 214 kavukavu. Mashine ikaivuta kombo, ikaikunja, ikaitafuna, na alipokumbuka kubonyeza kitufe cha kusimamisha, karatasi ilikuwa vipande viwili, na katikati yake ukanda wa upana wa vidole viwili umekuwa chenga tupu.

Mtu mwenye akili zake angekwenda kwa Mkutubi Mkuu akasema, nimeharibu. Yeye alizoa zile chenga akazitia kwenye pipa la taka. Vile vipande viwili akavificha chini kabisa ya droo ya mkoa mwingine. Kisha akachukua picha ya karatasi jirani, namba 213, akatoa nakala yake, akakata pambizo ambako namba huchapwa, na akaliita faili hilo 214. Hesabu ikatimia mia sita na kumi na mbili. "Wiki ijayo nitalirekebisha," alijiambia. Wiki ijayo hiyo ikazaa miaka minne.

Jumanne moja asubuhi, mlango wa chumba cha ramani ulifunguliwa taratibu, akaingia mama mkwe wake.

Bwana Dijitali aliruka kutoka kitini. "Shikamoo mama! Umekujaje bila kuniambia? Ningekufuata kituoni."

"Marahaba, baba. Sikutaka kukusumbua." Alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mwanamke mfupi, mkoba ameukumbatia kifuani. Aliyatazama makabati kwa heshima, akaketi kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti chenyewe ni cha mtu mwingine. "Nina shida, na shida yenyewe naona ni ya kwako."

Akaieleza. Kule alikozaliwa, kijiji ambacho watu wake walihamia barabarani yeye akiwa na miaka kumi na tano, halmashauri inataka kufungua machimbo ya kokoto. Hilo hawalipingi. Lakini kuna makaburi sita ya ukoo: baba yake, mama yake, bibi yake, mjomba, na wadogo zake mapacha waliokufa hata meno hawajaota. Utaratibu ni kwamba palipokuwa na kijiji, makaburi huhamishwa kwa heshima kabla ya kazi kuanza. Pasipokuwa na kijiji, hayo ni mawe tu, na tingatinga halisalimii mawe.

"Mpimaji wa halmashauri anasema pale hapajawahi kukaa mtu," mama mkwe alisema. "Kamati ya ardhi inakaa keshokutwa. Wanataka ramani ya zamani yenye muhuri. Nikawaambia, mkwe wangu ndiye mwenye ramani."

"Mama, hapo umefika. Dakika mbili tu." Akavuta kibodi, akamuuliza upande gani wa mlima, barabara gani iko karibu, akatazama ramani kuu yenye namba za karatasi zote. Kidole kikasimama juu ya 214.

Hapo alipaswa kusita. Wallahi, miaka minne ya kujidanganya humtia mtu usahaulifu wa kweli. Alibonyeza, picha ikafunguka, na bado hakukumbuka.

Mama mkwe alivaa miwani, akasogea. Akatazama kwa muda mrefu. "Mto ndio huu?"

"Ndio huo."

"Huu unapinda kulia. Wetu ulipinda kushoto, ukaja chini ya kilima, halafu kivuko cha mawe. Na huu msitu wote wa nini? Kwetu hapakuwa na msitu, baba. Kuni tulizifuata mbali mpaka tunalia." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Hapa si kwetu."

Ndipo Bwana Dijitali alipokumbuka. Aliitazama picha ile ya 213 iliyovalishwa namba ya jirani yake, akaona kabisa kwamba mbele yake pana neno moja tu la kusema. Na Mzee Droo, mhudumu wa chumba hicho aliyefungua na kufunga makabati yale tangu ujana wake, alikuwa pale pale nyuma yao anapanga karatasi.

"Mama," alisema Bwana Dijitali, na sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio unaonifanya nimchukie mpaka leo, "umri nao una mambo yake. Uliondoka pale mtoto. Kichwa huchanganya mto huu na ule. Ramani haichanganyi."

"Nachanganya?"

"Hutokea kwa watu wote, mama."

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena na kutazama upya, kama mwanafunzi aliyeambiwa jibu lake si sahihi. "Na karatasi yenyewe, siwezi kuiona?"

"Za karatasi tuliziondoa kwenye matumizi."

"Haya." Alikunja miwani. "Basi labda ndiyo nimezeeka. Asante, baba, kwa muda wako. Una kazi nyingi nami nimekuja kukupotezea asubuhi."

Akamshukuru! Akatoka na mkoba wake, na Bwana Dijitali akabaki ameduwaa. Aligeuka akakuta Mzee Droo anamtazama. Mzee alirudisha karatasi zake. Alifunga droo, akaenda kunywa chai.

Jioni hiyo mkewe hakugusa chakula. "Mama kanipigia," alisema. "Kaniambia yale yote aliyonisimulia utotoni, habari za kivuko na za wale mapacha, nisiwasimulie watoto. Ati anachanganya, asije akawapa wajukuu uongo. Mama yangu! Mtu anayekumbuka kipimo cha kiuno cha kila mteja tangu nikiwa mtoto. Wewe umemwonaje?"

Hapa mlango ulikuwa wazi tena. Angepita.

"Ni umri," alisema Bwana Dijitali, akamega tonge. Mkewe, ambaye ni muuguzi na hodari wa kuwaliwaza wengine, alifunika uso kwa kanga akalia chini chini ili watoto wasisikie. Mume akamshika bega. Ebo! Mkono ule ule uliokata pambizo, sasa unampapasa mtu bega. Aliona aibu mpaka vidole vikamfa ganzi, lakini aibu bila ulimi haimsaidii mtu, na ulimi wake ulikuwa umelala.

Jumatano alifika maktabani kabla ya wafagiaji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mkoa ule mwingine, akavuta droo ya chini, akaanza kunyanyua karatasi.

"Si hapo," ilisema sauti nyuma yake. Mzee Droo alikuwa ameketi kwenye kistuli, koti bado amevaa. "Niliihamisha. Pale panya wanapafika."

"Ulijua?"

"Nazifahamu karatasi hizi kuliko watoto wangu. Siku ya pili tu nilijua mmoja hayupo." Akaenda kwenye kabati la mwisho, akatoa jalada la kadibodi, akalifungua mezani. Ndani vilikuwa vile vipande viwili vya 214, vimenyooshwa, vimelazwa juu ya karatasi safi.

"Na hukunisema? Miaka minne?"

"Nikuseme kwa nani? Ulipewa cheti, mimi nafagia. Na kusema kweli nilingoja uje mwenyewe. Jana nilipomsikia yule mama anaambiwa amezeeka, nikasema, huyu asipokuja kesho, namwanika mimi." Mzee alikohoa. "Sina sifa hapo. Nilipaswa kusema mapema. Haya, tazama."

Wakavisogeza vipande. Upande wa kulia mto ulikuja kutoka juu, ukapinda kushoto, ukapita chini ya kilima, na hapo pamechorwa vistari vidogo vya kivuko. Hakuna msitu. Njia ya miguu ilivuka kivuko, ikapanda kuelekea kushoto, ikafika kwenye mchaniko na kukoma. Kwenye kipande cha kushoto njia ile ile ilitokea tena na kuendelea zake. Katikati, mahali ambapo njia ilikwenda kufika, palikuwa na pengo la vidole viwili.

Bwana Dijitali alikaa chini. Sio kitini, sakafuni. "Nilikitupa kijiji chao," alisema. "Nilikizoa kwa mikono yangu nikakitupa, wala sikukisoma."

"Lia, halafu uinuke. Kuna kitabu cha majina."

Na kweli kilikuwepo, jamani, na yeye aliyejiita bingwa wa ramani alikuwa amekisahau. Ramani zile zilipochapwa zilitoka pamoja na kitabu kinachoorodhesha kila jina lililoandikwa humo: mji, kilima, kijiji hata kiwe cha nyumba tatu, kisha namba ya karatasi, kisha mraba wa karatasi lilipo jina hilo. Hakukiingiza kwenye kompyuta kwa sababu hakikuhesabiwa kwenye ile mia sita na kumi na mbili. Mzee Droo alikitoa kwenye sanduku, akalamba kidole, akafunua. Jina alilolitaja mama mkwe lilikuwepo. Kijiji. Karatasi 214. Wakapima mraba kwa rula pembezoni mwa vipande, kushoto na kulia, juu na chini. Ukaangukia pengoni, katikati kabisa.

Mngedhani mambo yamekwisha. Hapana. Kitabu kinasema 214, na mtu yeyote akifungua 214 ya chuo kikuu ataona msitu na mto wa watu wengine. Kitabu peke yake kingeonekana kimekosea, kama mama mkwe alivyoonekana amekosea. Kilitaka mtu wa kusimama kando yake aseme kwa nini.

Mkutubi Mkuu, mama mmoja mkavu asiyepandisha sauti, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Angemkaripia ingekuwa nafuu.

"Cheti chako kiko wapi?" aliuliza.

"Ukutani, ofisini kwangu."

"Kakishushe. Adhabu nyingine tutazungumza wiki ijayo, na itakuwepo, usijipe moyo. Sasa kaa hapo, andika kwa mkono wako ulichofanya. Nitagonga muhuri. Lakini muhuri hautoki hapa peke yake, unatoka na wewe. Kesho utaisoma barua hiyo mwenyewe mbele ya kamati."

"Mama, ukoo mzima wa mke wangu utakuwepo pale."

"Vizuri. Hutalazimika kurudia."

Jioni ile mkewe alikuwa anaingia zamu ya usiku hospitalini, aunganishe na ya mchana wa kesho yake. Walipishana mlangoni, mume akiwa na barua ile mfukoni. Alifungua mdomo, akasema, "Kesho nitakuwepo na mama kwenye kamati. Kazi njema." Mwoga ni mwoga hata akishaamua kuwa jasiri kesho yake.

Alhamisi, ukumbi mdogo wa halmashauri ulijaa. Wajomba wa mkewe walijaa benchi mbili, na walipomwona walimpungia kwa furaha: mkwe wetu msomi kaja kutusaidia! Mama mkwe aliketi mwisho wa benchi, mkoba kifuani, macho sakafuni. Hakuwa na cha kusema siku hiyo na alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu zake hivyo.

Mpimaji wa halmashauri, kijana nadhifu, alisimama na karatasi kubwa iliyong'aa. "Mheshimiwa mwenyekiti, sikutegemea maneno. Nimechukua ramani ya chuo kikuu, namba 214, toleo la zamani kuliko yote. Iko mtandaoni, kila mtu anaweza kuiona. Msitu mtupu. Hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna kijiji." Akaiweka mezani. Alisema kweli yule kijana, maskini. Alisema kweli ya uongo wa mtu mwingine. Mjomba mmoja aliguna. Mama mkwe aliinamisha kichwa zaidi.

Bwana Dijitali alisimama. Laiti sakafu ingepasuka angeishukuru.

"Hiyo si 214," alisema. "Hiyo ni 213."

"Wewe nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi ndiye niliyeipachika namba 214." Akatoa 213 aliyokuja nayo, akaitandaza kando ya ile ya mpimaji. Msitu ule ule, mto ule ule, hata doa la wino lile lile pembeni. Kisha akafungua barua na kusoma. Alisoma mfuko wa plastiki ambao hakuutumia, alisoma mashine, alisoma pipa la taka, alisoma pambizo. Alipofika "nikamwambia mama mwenye kijiji hicho kwamba ni uzee, hali nikijua," sauti ilikatika, ikabidi aanze sentensi upya, na mara ya pili ilisikika mbaya kuliko ya kwanza. Wale wajomba waliompungia mkono walianza kutazama viatu vyao. Mtu wa nyuma alisema, "Mtu mzima hovyo!" na hakuna aliyemkanya.

Mzee Droo alileta jalada na kitabu. Mwenyekiti alimwamuru mpimaji apime mwenyewe. Kijana alipima, akapima tena, akaweka kidole kwenye pengo. "Ni hapa," alisema polepole. "Na njia inafika hapa pande zote mbili. Mheshimiwa, naiondoa ramani yangu."

Haikuchukua nusu saa. Makaburi sita yatahamishwa kwa heshima, na mashine haitagusa pale mpaka la mwisho lihamishwe. Wajomba walisimama, wakakumbatiana, wakamzunguka dada yao. Bwana Dijitali hakukumbatiwa na mtu. Alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akisubiri.

Mama mkwe alimfuata baada ya muda. Alikuwa amelia na uso ulikuwa unang'aa.

"Mama, nisamehe."

"Karatasi kuchanika si kitu," alisema. "Nimekata vitambaa vya watu vibaya mara ngapi? Unakwenda kwa mwenyewe, unasema nimekata vibaya." Aligusa kichwa. "Hili la kichwa changu ndilo bado sijui nilifanyeje. Nimekaa siku mbili najiuliza, kama mapacha sikuwabeba mgongoni, nilimbeba nani? Mkeo ameshajua?"

"Bado, mama."

"Mpigie."

"Nitamwambia jioni, akitoka..."

"Mpigie sasa, nikisikia."

Akatoa simu. Iliita mara mbili tu.

"Nambie, mume wangu," mkewe alipokea, kwa haraka haraka, nyuma yake magurudumu ya vitanda yanasikika. "Wamemkatalia, sivyo? Usimwache aende peke yake, mlete nyumbani. Chumba cha watoto nimeshakipanga. Na nimeongea na daktari wa wazee, yule wa mambo ya kumbukumbu, atamwona Jumatatu. Mwambie kwa upole, asije akaogopa."

Bwana Dijitali alimtazama mama mkwe. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, na alikuwa amesikia kila neno.

"Mama hana ugonjwa," alisema. "Hajasahau kitu. Nilimwongopea, na wewe nikakuongopea juzi pale mezani ukilia."

Upande wa pili vitanda viliendelea kupita. Mkewe hakukata simu, na mama mkwe alisimama pale pale akingoja mkwe wake amalize kueleza.